Je, Wajua? Kodi ya Kitanda cha Mtalii na Wanaoigombania

Chumba cha hoteli Waikiki, ufuo maarufu wa Honolulu, tuseme ni dola 300 kwa usiku. Asubuhi mgeni anapokwenda kaunta kulipa, anakuta chini ya hizo dola 300 mistari mingine mitatu. Wa kwanza ni dola 33: kodi ya malazi ya jimbo la Hawaii, asilimia 11. Wa pili ni dola 9: kodi ya malazi ya Kaunti ya Honolulu, asilimia 3. Wa tatu ni dola 14 na senti 14: kodi ya jumla ya biashara, ambayo katika kisiwa cha Oahu mwenye hoteli anaruhusiwa kumtoza mgeni hadi asilimia 4.712. Jumla yote dola 356 na senti 14.

Wageni wengi hulipa wakaenda zao uwanja wa ndege. Lakini zile dola 9 za kaunti hazikuwapo kwenye bili kabla ya mwaka 2021. Zilifika hapo baada ya mvutano wa zaidi ya miaka 30 kati ya serikali ya jimbo na kaunti zake, na mvutano huo ndio hasa tunaousimulia hapa, pamoja na mambo machache kutoka kwingine ambako watu wamegombania fedha za kitanda cha mgeni.

Je, wajua kwamba asilimia 4.712 si kosa la chapa?

Kiwango halisi cha kodi ya jumla ya biashara Oahu ni asilimia 4.5: nne za jimbo na nusu moja ya kaunti. Kodi hii kisheria humdai mfanyabiashara, si mteja. Mfanyabiashara anaruhusiwa kuihamishia kwa mteja, ila akishafanya hivyo, fedha alizokusanya zinahesabiwa kuwa sehemu ya pato lake, nazo zinatozwa kodi. Gawanya 4.5 kwa 95.5 utaona jibu ni 4.712 kwa mia. Hicho ndicho kiwango kinachomwezesha kulipa bila kupungukiwa hata senti.

Je, wajua kwamba kaunti ziliwahi kupewa asilimia 95?

Kodi ya malazi ya Hawaii ilipitishwa mwaka 1986 na kuanza kutozwa Januari 1, 1987, kwa asilimia 5. Inamhusu mgeni anayepanga kwa muda usiofika siku 180 mfululizo. Mwanzoni fedha zote ziliingia mfuko mkuu wa jimbo. Mwaka 1990 bunge la jimbo likageuza mambo: asilimia 95 ya makusanyo ikaenda kwa kaunti, jimbo likabaki na 5. Kaunti zenye serikali zake ni nne, nazo zikapangiwa mafungu: Honolulu asilimia 44.1, Maui 22.8, Kaunti ya Hawaii (yaani kile Kisiwa Kikubwa) 18.6, na Kauai 14.5.

Mafungu hayo yalidumu miaka 30. Kilichobadilika ni ukubwa wa kapu lenyewe. Mwaka 1994 kodi ilipanda hadi asilimia 6, na ile moja ya ziada ikaelekezwa kwenye kituo cha mikutano cha kimataifa kilichofunguliwa Honolulu mwaka 1998. Mwaka huohuo wa 1998 ikaundwa Mamlaka ya Utalii ya Hawaii, nayo ilihitaji fedha za kutangaza visiwa. Januari 1999 kodi ikawa asilimia 7.25, na mgawo ukapangwa upya: kaunti asilimia 44.8, mfuko wa utalii 37.9, kituo cha mikutano 17.3. Kaunti zilinung'unika kiasi, lakini zilikuwa na asilimia. Mwenye asilimia hunufaika hoteli zikijaa, na huumia pamoja na wengine hoteli zikiwa tupu. Huo ni ushirika wa kweli, na kwa maoni yangu ndio uliokuwa mpango bora kuliko yote iliyofuata.

Je, wajua ni nani hupeleka helikopta mto unapofurika?

Kaskazini mwa kisiwa cha Kauai kuna njia ya miguu iitwayo Kalalau, yenye urefu wa kilomita 18, inayopita juu ya magenge ya pwani ya Napali. Kilomita tatu tu kutoka mwanzo wake unavuka mto Hanakapiai kwa miguu. Asubuhi maji yanaweza kuwa ya vifundoni. Mvua ikinyesha milimani, ambako aliye ufukweni hata haioni, mto hujaa kwa dakika chache, na watu waliovuka wakicheka hujikuta hawawezi kurudi. Aprili 2014 watembeaji 121 waliokolewa huko kwa mkupuo mmoja.

Angalia sasa mgawanyo wa kazi. Njia hiyo imo ndani ya hifadhi ya jimbo. Helikopta inayokwenda kuwatoa watu ni ya idara ya zimamoto ya Kaunti ya Kauai. Ufukwe wa Ke'e, pale njia inapoanzia, nao ni wa hifadhi ya jimbo, ila waokoaji wanaokaa kwenye mnara na mbao zao za kuogelea ni waajiriwa wa kaunti, na jimbo huilipa kaunti kwa kazi hiyo.

Mambo ndivyo yalivyo visiwa vyote. Jimbo huendesha viwanja vya ndege, bandari na shule. Hawaii ndiyo jimbo pekee la Marekani ambalo shule zake zote za umma ziko chini ya wilaya moja ya elimu inayosimamiwa na jimbo. Kaunti ndizo zenye polisi wa mitaani, zimamoto, waokoaji wa fukwe, maji ya bomba, majitaka, takataka na bustani za umma. Mtalii akifungua bomba, akivuta maji chooni, akiibiwa begi kwenye gari la kukodi au akizidiwa na wimbi, anahudumiwa na kaunti. Mwaka 2019 Hawaii ilipokea wageni takriban milioni 10.4, na kwa siku ya kawaida kulikuwa na karibu robo milioni yao visiwani, kwenye jimbo lenye wakazi milioni 1.4. Chanzo kikuu cha fedha za kaunti ni kodi ya ardhi na majengo. Bila mgawo wa kodi ya malazi, choo cha mgeni kingelipiwa kwa kiasi kikubwa na mwenyeji mwenye nyumba.

Je, wajua jinsi asilimia inavyogeuka kuwa kiasi maalumu?

Msukosuko wa uchumi wa 2008 ulipopunguza watalii, bunge lilipandisha kodi ya malazi hadi asilimia 8.25 Julai 2009, kisha 9.25 Julai 2010. Nyongeza hizo zilikwenda mfuko mkuu wa jimbo. Zilikusudiwa kuwa za muda. Mwaka 2013 zikafanywa za kudumu.

Hata hivyo jambo kubwa zaidi lilikuwa limeshatokea mwaka 2011, nalo lilipita bila kelele nyingi. Bunge liliondoa asilimia ya kaunti na kuweka kikomo: dola milioni 93 kwa mwaka, hata kodi ikikusanywa kiasi gani. Mwaka 2014 kikomo kikapandishwa hadi milioni 103, na kikakwama hapo.

Utalii haukukwama. Ulipona, ukakua, bei za vyumba zikapaa. Kwenye mwaka wa fedha ulioishia Juni 2019 kodi ya malazi ilileta takriban dola milioni 600. Kaunti zote nne zikapata milioni 103 zilezile, yaani kama asilimia 17. Tufanye hesabu ya kuwatendea haki wabunge: tuziweke kando nyongeza zote zilizokuja baada ya 1999, tuchukue ile sehemu ya 7.25 peke yake. Katika milioni 600 zilizokusanywa kwa kiwango cha 10.25 (ile moja iliyoongezwa juu ya 9.25 tutaieleza hapa chini), sehemu hiyo ni kama milioni 424. Asilimia 44.8 yake ni milioni 190. Kaunti zilikuwa zinapungukiwa karibu dola milioni 87 kwa mwaka mmoja, hata kwa hesabu ya huruma.

Bunge lenyewe lilikuwa limeunda kikundi kazi mwaka 2014, chenye wajumbe wa jimbo na wa kaunti, kupima nani anafanya kazi gani na nani alipwe nini. Kikundi kilipendekeza kwamba fedha zinazobaki baada ya matumizi maalumu zigawanywe asilimia 55 kwa jimbo na 45 kwa kaunti. Pendekezo halikutekelezwa. Kila ninaposoma habari hii nasikitika, kwa kuwa ni nadra pande mbili zinazogombania fedha kuketi meza moja, kuhesabu pamoja na kuondoka na namba moja.

Je, wajua kwamba mgeni wa Maui hulipia treni ya Honolulu?

Honolulu ilipoanza kujenga reli yake ya umeme, gharama zilizidi makadirio mara kadhaa. Mwaka 2017 bunge liliitisha kikao maalumu na kuongeza asilimia moja kwenye kodi ya malazi, kuanzia Januari 2018 hadi mwisho wa 2030, kwa ajili ya reli hiyo. Kodi ikawa 10.25. Ni asilimia moja ya jimbo zima, hivyo mgeni anayelala Maui, Hilo au Poipu, kwenye visiwa vingine kabisa, anachangia treni iliyo Oahu. Sehemu ya kwanza ya reli ilifunguliwa Juni 30, 2023. Meya na madiwani wa visiwa vya jirani walipinga, na hoja yao ilikuwa nyepesi kueleweka: barabara zao zina mashimo yanayochimbwa na magari ya kukodi ya wageni haohao, na fedha inavuka bahari kwenda kwingine.

Je, wajua kwamba janga ndilo lililozaa zile dola 9?

Machi 26, 2020 Hawaii ilianza kumtaka kila anayeingia ajitenge siku 14. Hoteli zikafungwa moja baada ya nyingine. Gavana David Ige, kwa mamlaka ya dharura, akasimamisha kabisa kuzipelekea kaunti mgawo wao wa milioni 103. Kaunti zilikuwa bado zinalipa mishahara ya polisi na zimamoto.

Mwaka uliofuata bunge likapitisha mswada uliofuta mgawo wa kaunti moja kwa moja, ukaiondolea pia Mamlaka ya Utalii fungu lake la kodi hiyo, na badala yake ukaziruhusu kaunti zitoze kodi zao za malazi, zisizozidi asilimia 3. Gavana akaukataa kwa kura ya turufu. Julai 6, 2021 bunge likakutana na kuivunja kura hiyo, mswada ukawa sheria.

Kaunti hazikupoteza muda. Kauai ilianza kutoza Oktoba 1, 2021, Maui Novemba 1, Honolulu Desemba 14, na Kaunti ya Hawaii Januari 1, 2022. Kila moja iliweka asilimia 3 kamili.

Ni ushindi au hasara? Nadhani ni vyote viwili, kwa watu tofauti. Kwa kaunti ni ushindi mkubwa: fedha sasa ni yao, hawaendi tena Honolulu kubisha hodi bungeni, na mwaka wa utalii mwema wanauona kwenye hazina yao wenyewe. Kwa mgeni ni nyongeza, kwa kuwa jimbo halikushusha kiwango chake hata nukta. Lilibaki na yote 10.25 na kuziachia kaunti zipandishe juu yake. Anayesahaulika ni mtu mwenye vyumba vitatu vya kupangisha kando ya nyumba yake. Zamani alijaza fomu moja kwa idara ya kodi ya jimbo. Sasa anajaza ya jimbo na ya kaunti, kwa ofisi mbili. Hoteli kubwa ina wahasibu wa kazi hiyo, yeye ana jioni zake tu.

Je, wajua kilichobadilika baada ya moto wa Lahaina?

Agosti 8, 2023 moto uliuteketeza mji wa kihistoria wa Lahaina, Maui, na kuua watu zaidi ya 100. Baada ya hapo swali la nani alipie usalama wa mazingira ya visiwa lilipata uzito mpya. Mei 2025 Gavana Josh Green alisaini sheria iliyoongeza robo tatu ya asilimia, kodi ya jimbo ikawa 11 kuanzia Januari 1, 2026. Makadirio yalikuwa dola milioni 100 kwa mwaka, kwa ajili ya kulinda fukwe, misitu na kujikinga na majanga. Naiunga mkono sheria hii kwa moyo wote, isipokuwa jambo moja: mfuko ni wa jimbo, na waliokimbia kuzima moto ule walikuwa kwanza zimamoto wa kaunti.

Je, wajua jinsi Wajapani wa Fukuoka walivyomalizana?

Mkoa wa Fukuoka, kusini mwa Japani, na mji wake mkuu wenye jina hilohilo, wote wawili walitaka kutoza kodi ya malazi. Kama kila upande ungetoza chake kikamilifu, mgeni angelipa mara mbili. Walibishana hadharani, kisha mwaka 2019 wakafikia mapatano, na kodi ikaanza Aprili 1, 2020. Anayelala ndani ya jiji la Fukuoka kwa bei isiyofika yeni 20,000 hulipa yeni 200: jiji linachukua 150, mkoa unachukua 50. Akilala kwa yeni 20,000 au zaidi hulipa 500: jiji 450, mkoa 50 zilezile. Nje ya miji yenye kodi yake, mkoa hutoza 200 zote. Jiji lilikubaliwa kuwa ndilo lenye mzigo mkubwa, na mkoa haukuondoka mikono mitupu. Zaidi ya yote, mgeni analipa mara moja, kwa mtu mmoja.

Je, wajua mambo haya mengine mawili ya Marekani?

Vermont, jimbo dogo la kaskazini mashariki, hutoza asilimia 9 kwenye vyumba na vyakula vya mikahawa. Mji ukipenda unaweza kuongeza asilimia moja yake. Kwa miaka mingi mji ulibaki na asilimia 70 tu ya nyongeza hiyo; 30 ilikwenda kwenye mfuko wa kufidia miji ambayo ndani yake kuna majengo ya jimbo, kwa kuwa majengo hayo hayalipi kodi ya ardhi. Kwa hiyo mji wa milimani wenye wageni wa kuteleza kwenye theluji huchangia mji wenye gereza au ofisi za serikali.

Oregon walienda njia nyingine. Tangu 2003 mji au kaunti inayoanzisha kodi mpya ya malazi lazima itumie angalau asilimia 70 ya fedha hizo kwa kutangaza utalii au kwa majengo yanayohusu utalii. Miji midogo ya pwani imelalamika muda mrefu: wana fedha za mabango ya kuwaita wageni zaidi, na hawana za kutosha kuwalipa polisi wanaowalinda wale waliokwisha kufika. Lalamiko hilo nalielewa kabisa.

Je, wajua kwamba Katiba ya Kenya imeacha mlango wazi?

Nchini Kenya hoteli na mikahawa hulipa ushuru wa utalii wa asilimia 2 ya mauzo yake, unaokwenda Mfuko wa Utalii wa serikali ya taifa chini ya Sheria ya Utalii ya 2011. Ushuru wa namna hii una mizizi ya miaka ya 1970, na ndio uliokitegemeza Chuo cha Utalii cha Kenya kilichofunguliwa Nairobi 1975, ambako wapishi na wahudumu wengi wa hoteli zetu za pwani walipata mafunzo. Mfuko huohuo ndio uliobeba ujenzi wa Chuo cha Utalii cha Ronald Ngala kule Vipingo, Kilifi. Kwa hiyo sehemu ya fedha hurudi pwani, ila uamuzi wa irudi vipi na lini hufanyika Nairobi.

Katiba ya 2010 imeugawa utalii wenyewe: Jedwali la Nne linaipa serikali ya taifa sera na maendeleo ya utalii, na kaunti inapewa utalii wa eneo lake. Kuhusu kodi, Kifungu cha 209 kinaitaja kodi ya ardhi na majengo na kodi ya burudani kuwa za kaunti, kisha kinaongeza kodi nyingine yoyote ambayo kaunti itaruhusiwa na Sheria ya Bunge. Kaunti za Kwale na Kilifi haziwezi kuamka kesho na kutoza kitanda cha mgeni wa Diani au Watamu kwa mfano wa Kauai. Ingebidi Bunge lizipe ruhusa, likiandika kwenye sheria hiyohiyo kiwango cha juu, ofisi moja ya kukusanya ili mwenye gesti asijaze fomu mbili, na, kama wabunge watasikiliza yaliyotokea Hawaii mwaka 2011, mgawo unaoandikwa kwa asilimia na si kwa kiasi cha shilingi.